Shimo la Kondele: jinsi wanafunzi na wasukuma mikokoteni wa Kibuye walivyotengeneza bidhaa moja

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha ukanda wa ziwa, fundi wa kuchomelea vyuma jijini Kisumu, na wanaume wanaosukuma mikokoteni kutoka soko la Kibuye. Majina yao nimeyaacha kwa sababu wengi wao hawakuomba kuandikwa. Nimewafuatilia tangu wazo lilipoanza, na nakieleza kisa chao kwa urefu kwa sababu naamini kina jibu la swali linalowasumbua walimu wengi wa vyuo: kwa nini wanafunzi wanafaulu mitihani ya ujasiriamali, kisha wanamaliza chuo bila kuweza kuuza kitu hata kimoja?

Wanafunzi walikuwa wa kozi tatu. Wawili walisomea uhandisi wa mitambo, wawili fiziotherapia, na mmoja biashara. Walikutana kwenye somo la hiari la biomekaniki, yaani sayansi ya nguvu zinazoupitia mwili unapotembea, kuinua, kukimbia au kubeba. Mhadhiri aliwapa wasome utafiti uliochapishwa mwaka 1986 katika jarida la Nature, uliofanywa na Maloiy, Heglund, Taylor na wenzao. Watafiti hao walipima hewa waliyovuta wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu walipokuwa wakitembea na mizigo, Wajaluo wakiwa wameibeba utosini na Wakikuyu kwa mkanda wa kipajini. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Mwaka 1995 baadhi ya watafiti hao walieleza sababu yake: mwendo wa wanawake hao chini ya mzigo huhifadhi nishati vizuri zaidi kati ya hatua moja na nyingine, kama pendulamu. Si kila mtu amekubali. Utafiti wa Afrika Kusini uliotoka mwaka 2010 haukuipata nafuu hiyo kwa wanawake waliopimwa huko, na mhadhiri aliwapa wanafunzi huo pia, jambo zuri sana kufanya.

Mwanafunzi mmoja wa fiziotherapia, mzaliwa wa Nyalenda, mtaa mmoja wa Kisumu, alisoma akashangaa. Miili ya akina mama kama nyanya yake ilikuwa imefundisha dunia jambo, na yeye alikuwa akilisikia kwa mara ya kwanza akiwa mwaka wa tatu. Hapo ndipo alipouliza darasani: kama mama anajua kubeba kiasi hicho, mtu wa mkokoteni anajua nini ambacho hatujamuuliza?

Swali hilo ndilo lililozaa biashara, ingawa biashara yenyewe ilichelewa kuja.

Walianza kwa kupima

Wanafunzi waliomba ruhusa ya chuo na ridhaa ya wasukuma mikokoteni wenyewe, wakakubaliana kwamba hakuna uso utakaoonekana kwenye video. Vifaa vyao vilikuwa vya bei nafuu: simu yenye kamera nzuri, vibandiko vya rangi vya kuweka kwenye nyonga, goti na kifundo cha mguu, programu ya bure ya Kinovea ya kupimia pembe za viungo kwenye video, futi ya fundi, na mizani ya ndoano kama ile ya buchani. Nataka msomaji auone umuhimu wa hili. Kuna vyuo vinavyosubiri maabara ya mamilioni ndipo vifundishe biomekaniki, ilhali mizani ya ndoano ikifungwa kwenye mkono wa mkokoteni inakueleza mara moja mtu anabeba kilo ngapi mkononi.

Na iliwaeleza. Mkokoteni wa magurudumu mawili hufanya kazi kama mzani. Ekseli, yaani chuma kinachounganisha magurudumu mawili, ndiyo egemeo, mzigo uko juu yake, na mwanamume yuko mbele kwenye mikono. Kitovu cha uzito wa mzigo, yaani mahali uzito wote unapolingana, kikikaa sawasawa juu ya ekseli, mikono haibebi kitu, kazi inabaki kuvuta tu. Kikisogea mbele kidogo, mikono inabeba. Chukua magunia sita ya viazi ya kilo 50, kiwango ambacho sheria ya Kenya inasema gunia lisikizidi. Hizo ni kilo 300. Kitovu cha uzito kikiwa sentimita 10 tu mbele ya ekseli, na mikono ikiwa mita moja na nusu kutoka kwenye ekseli, zidisha ugawanye: mwanamume ameshika kilo 20. Ni sawa na kutembea na mtungi wa maji wa lita 20 uliojaa, huku akivuta mkokoteni, kutwa nzima. Sentimita 10 ni upana wa kiganja cha mkono.

Mikokoteni karibu yote waliyoipima ilikuwa na ekseli iliyochomelewa nyuma ya katikati ya kitanda cha kupakilia mzigo. Wahandisi wawili walifurahi wakidhani wamelipata kosa. Walichora mkokoteni mpya wenye ekseli chini ya kitovu cha mzigo kamili, wakapiga hesabu ya uti wa mgongo na misuli ya mabega, wakatengeneza bango. Kwenye mashindano ya ubunifu chuoni walisifiwa sana.

Mzee aliyewarudisha kwenye hesabu

Walipeleka mchoro kwa fundi, na fundi akamwita mzee mmoja ambaye amevuta mikokoteni kwa miaka mingi. Aliutazama mchoro, akauliza mzigo utakaa vipi, wakamweleza kwa fahari kwamba mikononi hatasikia uzito wowote. Akatikisa kichwa. "Kijana wangu," alimwambia aliyekuwa akieleza, "ukinipa huu, mlima wa Kondele utaniinua."

Barabara kutoka katikati ya jiji inapitia Kibuye ikipanda kwenda Kondele, na kila anayesukuma mkokoteni Kisumu anaifahamu. Wanafunzi wangeweza kumjibu kwa heshima na kuendelea na mchoro wao. Msichana wa fiziotherapia akamwomba aeleze polepole, na mzee akaeleza kwa mwili: akasimama kati ya mikono ya mkokoteni, akainama, akapiga nyayo chini. Mlimani, alisema, uzito mkononi ndio unaokupa mguu. Mkokoteni ukiwa mwepesi mbele, kandambili zinateleza.

Walirudi kwenye daftari usiku ule ule, na hapa ndipo ninapoona thamani ya kisa chote. Tuchukue mwinuko unaopanda mita 1 kwa kila mita 20. Mkokoteni na mzigo vina kilo 380. Mwinuko peke yake unadai mvuto wa kilo 19, na ugumu wa magurudumu kubingirika kwenye barabara mbovu, tuseme asilimia 3 ya uzito, unadai kilo 11 hivi. Jumla ni kama kilo 30. Mwanamume ana kilo 65, na kuupandisha mwili wake mwenyewe kunadai kilo 3 zaidi, yaani 33 kwa jumla. Kandambili zilizoisha kwenye ardhi yenye unyevu, tukikadiria msuguano wa 0.4, yaani mshiko wa asilimia 40 ya uzito unaozikandamiza, zinampa mshiko wa kilo 26 kabla hajateleza. Hazitoshi! Mwongezee kilo 20 mikononi zinazomkandamiza chini, mshiko unapanda hadi kilo 34, na anapanda.

Halafu kuna jambo la pili ambalo hakuna mhandisi kati yao aliyekuwa amelifikiria. Mkokoteni ukiinama kwenye mwinuko, kitovu cha mzigo uliorundikwa juu kinarudi nyuma. Mzigo ukiwa sentimita 60 juu ya ekseli, mwinuko ule ule unaurudisha nyuma sentimita 3. Mkokoteni uliosawazishwa vizuri mahali tambarare unageuka kuwa mkokoteni unaomnyanyua mtu kwa kilo 6 mlimani, na kumpunguzia mshiko pale pale anapouhitaji zaidi. Neno la mzee, kwamba mlima utamwinua, lilikuwa sahihi kama lilivyo.

Mafundi wa zamani walioichomelea ekseli nyuma hawakuwa wamekosea. Walikuwa wametengeneza mkokoteni wa mlima. Tatizo ni kwamba mkokoteni huo huo unatumika pia kwenye safari za tambarare za kuelekea mjini na ufukweni, na huko zile kilo za mikononi hazina kazi yoyote ila kuchosha mabega na kiuno. Gunia moja au mawili mtu anaweza kuyasogeza, na ndivyo wenye uzoefu wanavyofanya, lakini kitanda kikijaa hakuna pa kusogeza.

Jibu lilitoka kwa watu watatu katika mazungumzo ya jioni moja, na hadi leo hawakubaliani ni nani aliyelisema kwanza. Ekseli isichomelewe. Iwekwe kwenye bamba mbili zenye mashimo matatu kila upande, ifungwe kwa bolti, na ihamishwe kabla ya kupakia kulingana na safari. Fundi alitengeneza ya kwanza kwa vyuma vilivyobaki vya geti. Wasukuma mikokoteni wakayapa mashimo majina bila kuombwa: la nyuma kabisa likawa shimo la Kondele, la katikati likawa shimo la mjini. La tatu halitumiki sana.

Jumatatu jioni

Baada ya pale kikundi kilianzisha utaratibu ambao kwangu ndio uvumbuzi mkubwa kuliko bamba la ekseli. Kila Jumatatu jioni, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye na Jumatatu watu wamepoa, wanakaa kwenye karakana ya fundi. Kila upande unaleta jambo moja. Wanafunzi wanaeleza jambo moja la mwili: kwa nini kuinua gunia ukiwa umelikumbatia kunauma mgongo kidogo kuliko kulishika mbali, kwa nini tairi lisilo na upepo wa kutosha linakula nguvu. Wasukuma mikokoteni na fundi wanaleta jambo moja la kazi: mizigo inayocheza njiani, mahali tairi zinapopasuka, jinsi ya kupanga kabichi na jinsi ya kupanga viazi, kwa sababu hazikai sawa. Michoro inachorwa sakafuni kwa chaki. Lugha ni Kiswahili na Kijaluo, na Kiingereza kinapoingia mtu anadaiwa aeleze.

Somo la mgongo liliwagusa wengi. Misuli ya mgongo wa chini inavuta kutoka umbali wa sentimita 5 hivi tu kutoka katikati ya uti, ilhali mzigo ulioshikwa mbele unaweza kuwa nusu mita mbali. Kwa hiyo kilo 20 zikishikwa hivyo zinaidai misuli ivute kama kilo 200. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaanzia kilo 23 kama kikomo cha kuinua katika hali nzuri kabisa, na gunia halali la Kenya linazidi mara mbili. Tangu wafahamu hilo, kwenye karakana ile magunia hupakiwa na watu wawili. Hakuna aliyelazimishwa.

Chuoni kwenyewe kushirikishana kulikuwa kugumu zaidi. Kila mwanafunzi alitakiwa kuwasilisha mradi wake mwenyewe na kupewa alama zake mwenyewe, na wawili wa uhandisi walianza kuwaficha wenzao mahesabu yao. Siwalaumu. Ukimpa mtu alama kwa kile anachojua peke yake, umemfundisha kuficha. Mhadhiri alipobadilisha utaratibu na kuruhusu ripoti moja yenye sehemu zilizoandikwa na kila mmoja, pamoja na ukurasa unaoeleza kila mmoja alijifunza nini kutoka kwa mwenzake, video, vipimo na bei za vyuma vikaingia kwenye folda moja ya simu. Ningependa kila idara inayofundisha ujasiriamali ifanye hivyo kesho.

Nani ananunua?

Mwanafunzi wa biashara ndiye aliyekuwa na kazi ngumu, na kwa muda mrefu hakuna aliyeijali kazi hiyo. Wasukuma mikokoteni wengi pale hawana mikokoteni. Wanakodisha kwa siku kutoka kwa wenye mikokoteni. Anayeumwa mgongo si mwenye pesa za kununua bamba, na mwenye pesa haumwi mgongo.

Walienda kwa mwenye mikokoteni mmoja na bango lao la uti wa mgongo. Aliwasikiliza kwa adabu. Kisha akauliza: bolti zikilegea nani atazikaza? Ikivunjika, mkokoteni utalala siku ngapi? Pancha zitapungua? Maswali matatu, na kwenye bango hapakuwa na jibu la hata moja. Nadhani jioni ile mwanafunzi wa biashara alijifunza zaidi ya alivyojifunza mihula miwili ya masoko. Aliyaandika maswali yale kama yalivyosemwa, akayapeleka kwenye kikao cha Jumatatu, na fundi akayajibu: nati mbili zikazane, bolti ziwe za ukubwa unaopatikana duka lolote la vyuma, na bamba libadilike bila kuchomelea chochote upya.

Kisha hawakurudi kuuza. Waliomba tu wafunge bamba kwenye mkokoteni mmoja wa mwenye mali yule kwa gharama yao. Wanaokodisha ndio waliofanya kazi iliyobaki. Mkokoteni ule ukawa unachukuliwa kwanza asubuhi, watu wakiuwahi. Mwenye mikokoteni haoni maumivu ya mtu, lakini anaona mkokoteni usiolala. Akawapigia simu mwenyewe.

Kwa hiyo bidhaa ni ile ile lakini maneno ya kuiuza ni mawili, na yote ni ya kweli. Kwa anayevuta: chagua shimo lako kulingana na safari. Kwa anayemiliki: mkokoteni wako utatoka kwanza. Wanafunzi wengi hufundishwa kumtafuta mteja kana kwamba ni mtu mmoja. Hapa mtumiaji, mlipaji na mtengenezaji walikuwa watu watatu tofauti, na biashara isingesimama kama mmoja wao angekosa faida yake.

Mali ya nani

Sehemu hii ilikaribia kuvunja kikundi. Mmoja wao alitaka mchoro ufichwe hadi walindwe kisheria, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 inatoa, mbali na hataza kamili, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, cheti cha kulinda maboresho ya kifaa, ambacho kinadumu miaka 10 na hakidai kiwango kikubwa cha uvumbuzi kama hataza. Maombi hupelekwa kwa taasisi ya serikali inayosimamia mali ya viwanda, KIPI. Lakini bamba lenye mashimo matatu, linaloonekana na kila mtu kando ya barabara, litanakiliwa na fundi yeyote mwenye jicho. Kuwazuia mafundi kungegharimu kuliko bamba zenyewe. Tena, ungeficha vipi kitu ambacho nusu yake ulipewa na mzee karakanani mbele ya watu?

Walikubaliana hivi, kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili uliosainiwa na wote. Fundi anatengeneza na kuuza, na wengine wakinakili wanakili. Wanafunzi wanauza kile ambacho hakinakiliki kwa macho: kiolezo cha chuma cha kutobolea mashimo mahali sahihi kulingana na urefu wa kitanda, na huduma ya kuja na mizani ya ndoano kupima kila mkokoteni na kuupangia mashimo yake. Fundi wa mtaa wa pili akinakili bamba kwa kukisia, mashimo yake yanakaa ovyo, na mwisho anakuja kununua kiolezo. Mzee wa Kondele ametajwa kwenye mkataba kama mmoja wa wabunifu na ana fungu lake katika kila kiolezo kinachouzwa.

Kuhusu hilo fungu la mzee kulikuwa na ubishi mkali. Mwanafunzi mmoja alisema mzee alitoa maoni tu, na maoni hayalipwi. Mimi nasimama upande wa waliompa. Bila yeye wangeuza mkokoteni unaoteleza mlimani, na mkokoteni wa kilo 380 unaorudi nyuma katikati ya matatu na bodaboda unaua. Mtu aliyekuepusha na bidhaa hatari amechangia uvumbuzi sawa na aliyechora.

Walipo sasa

Hawajawa matajiri. Wawili wamemaliza chuo. Mmoja ameajiriwa kwingine na anarudi Jumatatu akipata nafasi. Fundi ana kijana wa kumsaidia kutoboa bamba. Kiolezo kimefika kwa mafundi nje ya Kisumu, wanakojifunza upya kwamba milima ya Kakamega si ya Kondele na mashimo yanahitaji kupimwa upya.

Kazi iliyo mezani ni breki. Wasukuma mikokoteni ndio walioileta: kupanda kumepata dawa, kushuka bado. Mkokoteni ule wa kilo 380 kwenye mteremko wa lami laini humsukuma mtu mgongoni kwa kilo kumi na zaidi, na anachoweza kufanya ni kuegemea nyuma na kupiga visigino. Fundi anataka kipande cha tairi kuukuu kinachokandamiza gurudumu kwa kamba. Wanafunzi wana wasiwasi kwamba gurudumu moja likishikwa kabla ya lingine, mkokoteni utageuka ghafla na mikono itamsukuma mtu ubavuni, kwa hiyo wanapima nguvu ya kila upande. Mzee anasema kamba iwe moja na igawanyike chini, ndipo mkono mmoja uvute magurudumu yote mawili kwa pamoja. Jumatatu ijayo wanaifunga kwenye mkokoteni mtupu, na mwenye mikokoteni amekubali kulipia nusu ya vyuma.